Kuiweka Mikono na Joto Unapokimbia Katika Nchi za Baridi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka, inapokaribia Agosti na Septemba, vijana wa Unguja na Pemba wanaojiandaa kwenda kusoma Uturuki, Urusi, China, Ulaya na Amerika ya Kaskazini huniuliza namna ya kuendelea na mazoezi ya kukimbia wakati wa baridi, na maswali yao karibu yote huishia mikononi. Miguu ya mkimbiaji hujipasha yenyewe na uso huzoea kwa kiasi chake, lakini mikono ndiyo inayomrudisha mtu ndani kabla hajamaliza kilomita 3. Mimi ni mzaliwa wa Wete, na nilikimbia Bergen, Norway, kwa miaka 3 ya masomo. Majibu haya nimeyaandika kwa niliyoyapata huko pamoja na yale ambayo elimu ya mwili wa binadamu imekwisha kuyathibitisha.

Mtu anayekimbia hutoka jasho. Vipi basi mikono yake ipoe ilhali mwili wote umechemka?

Swali hili ndilo mama wa mengine yote, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu. Mwili hufanya kila uwezalo kulinda joto la nyuzi 37 hivi katika moyo, mapafu, ini na ubongo. Baridi inapoingia, mishipa midogo ya damu katika ngozi ya mikono na miguu hubana, damu ya moto hubaki kiwiliwilini, na vidole huachwa na kiasi kidogo tu cha kuvitosha kuishi. Tena vidole vimeumbwa vyembamba, na kitu chembamba hupoteza joto haraka kuliko kitu kinene. La tatu, ambalo wengi hawalijui, ni kwamba ndani ya vidole hamna misuli ya maana: misuli inayovikunja na kuvikunjua ipo zaidi katika kigasha na kiganja, na vidole huvutwa kwa kano tu. Mguu wa mkimbiaji ni jiko linalowaka, ilhali kidole chake ni cha kupokea joto linalotoka kwingine.

Ndiyo maana dakika 10 hadi 15 za mwanzo huwa ndizo ngumu zaidi. Katika muda huo damu imekimbilia misuli ya miguu, joto la kiwiliwili bado halijapanda, na mikono haina anayeikumbuka. Kiwiliwili kikishapata moto, mishipa ya mikono hufunguka na vidole hurudi, wakati mwingine hata kwa kutoka jasho.

Jambo ninalowasisitizia vijana wote ni kwamba glavu haitoi joto. Glavu ni kama kawa: ukiifunika juu ya wali wa moto, wali utabaki moto kwa muda, lakini ukiifunika juu ya wali uliopoa hutaupasha hata ungeiacha mpaka kesho. Joto la mkono linatoka kifuani kwa njia ya damu, kwa hiyo anayetaka mikono ya moto na aanze kwa kufunika kifua, shingo na kichwa, kisha avae glavu akiwa bado ndani ya nyumba na mikono yake ingali na joto. Nimewaona wengi wakitoka na fulana moja nyepesi na glavu za bei kubwa, wakarudi wakilalamikia glavu.

Je, baridi ya kipupwe inaweza kunizoesha kabla sijasafiri?

Hapana. Kipupwe chetu cha Juni hadi Agosti, hata katika alfajiri zake za ubaridi, hukaa karibu na nyuzi 20 au zaidi kidogo. Ni baridi ya kuyagandisha mafuta ya nazi ndani ya chupa na kumtafutisha mzee sweta, lakini si baridi ya kuifundisha mishipa ya vidole jambo lolote. Kimbia Maisara au uwanja wa Gombani kwa ajili ya pumzi na miguu, usitarajie zaidi ya hapo.

Ni kweli kwamba mwili una namna yake ya kujitetea. Mwaka 1930 daktari wa Uingereza, Thomas Lewis, alieleza kwamba kidole kilichozamishwa katika maji ya baridi sana hubana mishipa yake, kisha baada ya dakika chache mishipa hufunguka kwa ghafla, hubana tena, ikaendelea hivyo kwa zamu. Watu wanaofanya kazi kwa mikono mitupu katika baridi kwa miaka mingi, kama wavuvi wa bahari za kaskazini, huonekana mikono yao kuvumilia zaidi. Mwanafunzi wa muhula wa kwanza hana miaka hiyo.

Nianze kuvaa glavu joto likishuka hadi nyuzi ngapi?

Kwa mtu aliyekulia pwani, mimi nashauri glavu nyepesi zianze nyuzi 10, ingawa wenyeji watakuwa bado wanakimbia mikono mitupu. Ikishuka chini ya nyuzi 4 hivi, vaa glavu nzito zaidi au mbili, moja juu ya nyingine. Ikifika nyuzi 5 chini ya sifuri, tafuta glavu zilizozibwa upepo kwa juu.

Lakini usisome nyuzi peke yake bila ya kusoma upepo. Upepo huondoa tabaka jembamba la hewa ya joto linaloizunguka ngozi, na kwa sababu hiyo idara za hali ya hewa za Marekani na Kanada zimekuwa zikitumia tangu 2001 hesabu moja inayochanganya vitu hivyo viwili. Kwa hesabu hiyo, nyuzi 0 pamoja na upepo wa kilomita 20 kwa saa huipoza ngozi kama nyuzi 5 chini ya sifuri, na nyuzi 10 chini ya sifuri kwa upepo huohuo huwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri. Nawe mwenyewe unapokimbia unajitengenezea upepo: anayekwenda kilomita 1 kwa dakika 5 anapigwa na hewa kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa hata siku iliyotulia, na mikono yake inapunga mbele na nyuma muda wote. Hesabu hiyo ikifika kama nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa, na siku kama hiyo mimi sikimbii nje. Mashine ya kukimbilia ndani ya jengo la chuo haina fahari, lakini haimkati mtu kidole.

Zipi bora, glavu zenye vidole au zile za mfuko ambazo vidole vinne hukaa pamoja?

Za mfuko. Vidole vinne vilivyokaa pamoja hupeana joto, na sehemu inayokabili baridi hupungua. Ubaya wake ni kwamba huwezi kufunga kamba ya kiatu wala kubonyeza simu bila ya kuzivua, na kila ukizivua unapoteza joto ulilolihifadhi kwa dakika nyingi. Namna iliyonifaa mimi ni kuvaa glavu nyembamba zenye vidole kwa ndani, na za mfuko kwa juu. Mwili ukichemka huvua za juu nikazichomeka kiunoni, na upepo ukirudi huzivaa tena bila ya kuufichua mkono hata mara moja.

Angalia pia zisikubane. Glavu inayobana huikandamiza mishipa ambayo tayari imebana, na huifukuza hewa iliyo ndani yake, nayo hewa hiyo iliyotulia ndiyo inayozuia joto lisitoke. Kifundo cha mkono nacho kisiachwe wazi, kwani hapo ndipo damu inayokwenda vidoleni hupita karibu kabisa na ngozi. Mkono wa jaketi uingie ndani ya glavu au glavu iingie ndani ya mkono wa jaketi, ilimradi pasibaki pengo.

Nichague kitambaa gani?

Sufu, yaani manyoya ya kondoo, wala si sufi tunayojazia mito. Nalitaja hili kwa sababu kijana mmoja aliniuliza kwa dhati kama atapata glavu za sufi, na kwa hakika maneno yamekaribiana. Sufu huendelea kuhifadhi joto hata ikiingiwa na unyevu. Vitambaa vya poliesta navyo vinafaa kwa sababu havinyonyi maji mengi na hukauka upesi. Pamba iache nyumbani.

Pamba ndiyo iliyonifundisha mimi. Katika wiki yangu ya tatu Bergen, mwezi wa Novemba, nilitoka na glavu za pamba nilizozinunua kabla ya safari, joto likiwa nyuzi 3 na mvua ya rasharasha. Baada ya nusu saa kando ya ghuba ya Store Lungegårdsvannet glavu zilikuwa zimelowa mvua kwa nje na jasho kwa ndani, na nilipofika mlangoni niliutia ufunguo kwenye kitasa nikashindwa kuuzungusha. Vidole vilikuwepo, nikiviona, lakini havikuitika. Niliushika ufunguo kwa viganja viwili kama mtu anayeshika mchi, ukaniponyoka ukaanguka, na nikainama mara nne kuuokota bila ya kufaulu, mpaka jirani wa ghorofa ya chini akatoka akanifungulia. Ngozi ya mkono ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, vidole huanza kuwa vizito, na ikikaribia nyuzi 8 mtu hupoteza hisia ya kugusa. Mimi nilikuwa nimefika huko bila ya kuwepo hata chembe moja ya theluji.

Kwa hiyo mvua ni mbaya kuliko theluji?

Kwa mikono, mara nyingi ndiyo. Maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa, hivyo mkono uliolowa katika nyuzi 3 unaweza kuteseka kuliko mkono mkavu katika nyuzi 8 chini ya sifuri. Anayekwenda miji ya pwani kama Bergen, au kokote ambako baridi huja pamoja na mvua, anunue kwanza glavu za juu zisizopitisha maji kabla ya kufikiria unene. Mkimbio ukizidi saa moja, beba jozi kavu ndani ya mfuko wa plastiki, uibadilishe ukifika nusu ya njia.

Sina fedha za kununua glavu za wakimbiaji. Nifanye nini?

Usizinunue. Soksi nene za sufu zilizovutwa mpaka juu ya kifundo cha mkono ni glavu za mfuko zilizo kamili, na wanariadha wengi wenye uwezo wao huzitumia hivyo. Katika mitumba ya Darajani pia hupatikana glavu na soksi zilizotoka nchi za baridi, zikiuzwa kwa bei ndogo kwa sababu hapa hazina mtumiaji. Siku ya mvua, glavu nyembamba za plastiki kama za hospitali, zikivaliwa chini ya soksi, huzuia maji yasifike kwenye ngozi. Jasho litakaa ndani, lakini kwa nusu saa hilo linastahimilika.

Vile vifuko vya kupashia mikono vinafanyaje kazi, na vina madhara?

Ndani ya kifuko cha kutumika mara moja mna unga wa chuma, chumvi, makaa na maji kidogo. Ukikifungua, hewa huingia, na chuma hushika kutu kikitoa joto. Ni kutu ileile inayokula mabati yetu ya pwani, isipokuwa imeharakishwa. Kwa kuwa kinahitaji hewa, kifungue kama robo saa kabla ya kutoka, na usishangae kikizimika ndani ya glavu iliyobana au iliyolowa. Kiweke upande wa juu wa mkono, juu ya glavu nyembamba, wala kisigusane na ngozi moja kwa moja, kwani mkono uliokufa ganzi huweza kuungua bila ya mwenyewe kujua. Ipo aina nyingine yenye maji mazito na kibati cha kubofya. Maji hayo hugeuka chenga na kutoa joto, kisha hurudishwa hali yake kwa kukichemsha kifuko. Hiyo hutumika tena na tena, ila joto lake halidumu sana.

Nikijipaka mafuta ya nazi, ya karafuu au ya pilipili, mikono itapata joto?

Mafuta ya nazi yanaifaa ngozi inayopasuka kwa ukavu, na ukiyapaka usiku utaona faida. Kuzuia baridi hayazuii, wala mafuta mengine ya kujipaka hayazuii ngozi isigande. Hatari yake ni kumpa mtu utulivu wa uongo akachelewa kufunika.

Kuhusu karafuu nawaomba ndugu zangu wa Pemba wanisikilize vizuri, maana najua chupa ya mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, haikosi kwenye sanduku la msafiri. Joto unalolihisi ni mishipa ya fahamu inayochokozwa, si joto lililoongezeka. Zaidi ya hayo, kiungo kikuu cha mafuta hayo hutia ganzi, na ndiyo sababu hutumika kwa maumivu ya jino. Katika baridi kali maumivu ya kidole ndiyo onyo lako la mwisho, nawe utakuwa umelinyamazisha kwa mkono wako. Pilipili nayo itakufikia machoni utakapojifuta jasho.

Chai ya tangawizi ni jambo jengine. Kikombe cha moto kabla ya kutoka hupasha kiwiliwili, na kiwiliwili ndicho kinachopasha mikono.

Nikitia udhu kabla ya kukimbia, mikono hupoa mno. Nifanyeje?

Jifute ukauke kabisa, hata kati ya vidole, na ukae ndani dakika chache kabla ya kuvaa glavu. Masheikh wetu wa madhehebu ya Shafii hufundisha kwamba ni bora mtu asijifute maji ya udhu pasipo haja, lakini baridi yenyewe wanaihesabu kuwa ni haja. Wengine huuliza kama inafaa kupaka maji juu ya glavu kama inavyofaa juu ya khufu. Ruhusa hiyo ni ya miguu, haihusu mikono, kwa hiyo glavu huvuliwa.

Na Ramadhani?

Kuanzia 2026 na miaka kadhaa inayofuata, Ramadhani inaangukia katika baridi ya nchi za kaskazini, na mwaka 2030 zitapatikana mbili, moja ikianza Januari na nyingine mwishoni mwa Desemba. Mchana huwa mfupi. Bergen mwezi wa Desemba jua huzama karibu saa 9 na nusu alasiri. Mwili usio na chakula una kuni chache za kutengeneza joto, na mikono ndiyo inayoanza kunyimwa. Kimbia baada ya futari nyepesi, ongeza vazi moja zaidi ya kawaida yako, na upunguze umbali.

Pete na bangili nivue?

Ndiyo. Madini hupoa haraka, na kidole kikivimba pete hukikaba.

Ni kweli kwamba sisi watu weusi tumo katika hatari kubwa zaidi?

Ndiyo, na ni vyema lisemwe wazi. Kumbukumbu za majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonesha kwa miaka mingi kwamba askari wenye asili ya Afrika hupata majeraha ya baridi mara nyingi zaidi kuliko wenzao Wazungu, hata wakiwa kazi moja na nguo moja. Mishipa ya vidole vyetu kwa kawaida hubana zaidi na huchelewa kufunguka. Hili si udhaifu wala si la kuonea haya, na maana yake ni kwamba usijipime kwa Mnorwei anayekimbia kando yako mikono mitupu. Tena dalili zinazoelezwa vitabuni, kama ngozi kuwa nyekundu au nyeupe, hazionekani kwa urahisi kwenye ngozi nyeusi. Angalia kucha na viganja, na uuamini zaidi mguso: kidole kilichokuwa kigumu kama nta au kisichohisi pini kina tatizo, hata kikiwa na rangi yake.

Nani anapaswa kumuona daktari kabla ya kukimbia kwenye baridi?

Kwanza ni mwenye selimundu, kwa sababu baridi inaweza kuamsha maumivu makali ya ugonjwa huo. Wa pili ni mwenye kisukari ambaye hisia za vidole zimepungua. Wa tatu ni anayetumia baadhi ya dawa za presha, kama propranolol na atenolol, ambazo hupunguza damu inayofika mikononi. Mwingine ni yule ambaye vidole vyake hugeuka ghafla vyeupe, kisha vya buluu, kisha vyekundu vikiuma. Hali hiyo ilielezwa na daktari wa Ufaransa, Maurice Raynaud, mwaka 1862, na hutokea zaidi kwa wanawake. Mvuta sigara hahitaji daktari kumwambia: nikotini hubana mishipa ileile.

Nimo njiani na vidole vimeanza kufa ganzi. Nifanye nini hapohapo?

Nyoosha mkono mzima uuzungushe duara kubwa kwa kasi, kama mtu anayezungusha teo, mara 20 au 30, ili damu isukumwe mpaka kwenye ncha. Vikisharudi, vitoe vidole kwenye nyumba zake ndani ya glavu uvikunje vyote kiganjani. Visiporudi, vitie kwapani chini ya nguo, na ugeuze kurudi nyumbani. Usikunje ngumi kwa nguvu muda wote, kwani kukaza huko huizuia damu. Na kwa siku zijazo, panga njia yako uanze kwa kuukabili upepo na urudi nao ukiwa mgongoni, kwa sababu anayerudi ameshalowa jasho, na upepo wa mbele humkuta katika hali mbaya kuliko aliyetoka sasa hivi.

Nimerudi ndani na vidole vinauma kuliko vilipokuwa nje. Ni kawaida?

Ni kawaida ikiwa maumivu yanapungua ndani ya dakika chache. Ni damu inayorudi katika mishipa iliyokuwa imefungwa. Vua glavu zilizolowa, badilisha kwanza fulana yenye jasho, kisha ushike kikombe cha uvuguvugu. Usiikaribishe mikono kwenye moto wala kwenye kifaa cha kupashia chumba, kwa sababu hutahisi inapoungua, na usiisugue.

Ikiwa baada ya nusu saa kidole bado hakina hisia, au kimekuwa kigumu, au kinatoa malengelenge, hiyo ni ngozi iliyoganda na ni kazi ya hospitali siku hiyohiyo. Ukiwa unasubiri kufikishwa, na huna hatari ya kurudi tena kwenye baridi, kizamishe katika maji ya nyuzi 37 hadi 39, yaliyopimwa na mtu mwenye mkono mzima au kwa kipimajoto, ukiyaongeza yanapopoa. Ikiwa itakubidi utembee tena nje, kiache kama kilivyo na ukifunike kikavu, kwa sababu kidole kilichoyeyuka kikaganda mara ya pili huumia vibaya zaidi. Malengelenge usiyapasue, na mweleze daktari muda uliokaa nje na kama glavu zilikuwa zimelowa.